Pampu Niliyoifungua

Same, Jumapili alasiri

Mvua imenyesha tangu asubuhi. Milima haionekani, ni wingu tupu kuanzia nyuma ya stesheni hadi juu. Nakunda, mke wangu, amekwenda kwa dada yake na hakuniambia atarudi lini. Ameniachia makande jikoni, ameyafunika vizuri. Sijayagusa.

Keshokutwa, Jumanne, nimeagizwa kuripoti polisi kutoa maelezo. Leo nayaandika yote hapa kwa mpangilio wake, ili nitakapoulizwa nisianze kupindapinda. Najijua. Ulimi wangu ni mwepesi kutafuta pa kutokea.

Mimi ni fundi wa magari makubwa. Baba yangu alitoka Kigoma kuja kukata mkonge, nami nikazaliwa kambini. Kazi nilijifunzia kwenye gereji ya shamba, kwa Kalasinga mmoja asiyependa maneno mengi. Alinifundisha mengi, lakini moja alilirudia kila mara tulipofungua injini ya dizeli: moshi mweusi si nguvu, ni mafuta yaliyokosa hewa.

Nililisikia. Nililijua. Sikulifuata.

Ulikuwa mwaka wa njaa, mwaka juzi, mvua zilipokataa mara mbili mfululizo. Mahindi ya njano yalikuwa yamerundikwa stesheni hapa Same, na watu wa milimani walikuwa wanachemsha mizizi. Kijiji kimoja cha juu, ng'ambo ya Chome, kilikuwa na lori lake, kuukuu lakini zima. Tatizo ni kwamba lilipanda na magunia arobaini tu. Likizidishiwa, linazimikia kwenye kona za juu, watu wanashusha magunia, wanabeba vichwani.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kiondo, alikuja mwenyewe gereji ninayofanyia kazi hapa Same. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama, macho yake yako kwenye lori.

"Ndugu fundi," akasema, "kuna watoto kule wamevimba miguu. Lipe nguvu hili gari."

"Mzee, nguvu yake ndiyo hiyo. Ilishapimwa kiwandani."

"Kiwandani hawaijui njia ya kwetu."

Maneno hayo yaliniingia. Na nitakuwa mwongo nikisema niliwafikiria wale watoto peke yao. Nilifikiri pia kwamba hapa ni mimi tu ninayeweza kufanya jambo hilo.

Pampu ya mafuta ndiyo inayoipimia injini chakula chake. Kuna skrubu moja inayoweka kikomo: injini isipewe zaidi ya hapa. Wenye kuitengeneza wakishaiweka sawa, wanapitisha waya na kuubana kwa kipande cha risasi, yale madini laini, ili mtu asiiguse. Nilikata ule waya. Nikazungusha skrubu mzunguko mmoja, nikajaribu, nikaongeza nusu. Kisha nikayeyusha risasi yangu mwenyewe, nikabana waya mpya, nikaupaka mafuta machafu uonekane wa zamani.

Sijamwambia mtu sehemu hiyo ya mwisho mpaka wiki hii.

Lori lilipanda na magunia sabini. Lilikuwa linatoa moshi kama tanuri la matofali, lakini halikusimama popote. Kule juu wanawake walilipigia vigelegele. Kwenye mkutano wa hadhara Mzee Kiondo alinisimamisha mbele ya watu, akasema hawa ndio wataalamu wetu, hawakusoma Ulaya, na wanafanya kazi ambayo Ulaya wameshindwa. Nilipigiwa makofi. Nilirudi nyumbani nikamweleza Nakunda mara mbili, kama vile mara ya kwanza hakusikia.

Watu walikula. Hilo nalo ni kweli, na sijui niliweke wapi.

Njaa ilipita. Mahindi yakaota, viazi vikaota, kahawa ikachanua. Pampu ningeweza kuirudisha ilivyokuwa kwa kazi ya nusu saa. Sikuirudisha. Lori lilikuwa limeshazoeleka kubeba sabini, sasa linabeba kabichi, mbao, saruji ya shule, na watu juu yake. Tena sifa zilikuwa zimesambaa. Wakaja watu wa Kileo na lori lao linalopanda Usangi, nikalifungulia pampu vilevile. Wakaja watu wa Bombo, nikalifungulia na la kwao.

Dereva wa lori lile la kwanza alikuwa Sefania. Msabato, mtu wa taratibu, mikono mikubwa, hanywi hata soda. Ijumaa jua likitua, lori amelipaki na Biblia iko kwapani.

Alinijia mara tatu.

Mara ya kwanza ilikuwa miezi sita tu baada ya njaa. Alisema, "Fundi, oili inaongezeka."

Nilimcheka. "Oili ya gari inapungua, Sefania. Haiongezeki."

"Njoo upime."

Nilipima. Ilikuwa imepanda juu ya alama, nyepesi kama maji, inanuka dizeli. Maana yake niliielewa pale pale: mafuta yamezidi, hayaungui yote, yanateremka kando ya pistoni na kuosha silinda, yanaingia kwenye oili. Ringi za pistoni zinalika. Nilimwaga oili, nikaweka nyingine, nikamwambia alikuwa ameijaza vibaya.

Nilimwambia hivyo, mtu aliyekuwa anapima oili kila asubuhi kabla hajafungua kinywa.

Mara ya pili alisema kwamba akishuka mlima gari halishiki tena. Zamani akiweka gia ya pili, injini yenyewe inalizuia. Sasa linateleza tu, kazi yote inabaki kwa breki. Hilo nalo lilikuwa lile lile. Injini iliyolika haina mgandamizo wa hewa, na isiyo na mgandamizo haizuii kitu. Nilimkazia breki. Nikamwambia spea hakuna, nchi nzima inalia spea, tuvumilie.

Spea zilikuwa hazipatikani kweli. Nimejifunza kwamba uongo mzuri zaidi ni ule wenye ukweli ndani yake.

Mara ya tatu ni mwezi uliopita. Alikuja mchana, kofia mkononi, kama anayekwenda kuposa. Gereji kulikuwa na watu wanne, wakiwamo madereva wengine.

"Fundi, maji yanachemka kila safari. Nakuomba kitu kimoja. Irudishe pampu ilivyokuwa. Nitapanda na magunia thelathini, nitapanda mara mbili, nitapanda polepole. Mimi ndiye ninayekaa mle ndani."

Ningeweza kumvuta kando. Nilitazama wale madereva, nikaona wananitazama.

"Sefania," nikasema, "kama unaliogopa gari, mpishe mwanamume aliendeshe."

Wakacheka. Alivaa kofia yake akatoka.

Ijumaa, wiki mbili zilizopita, alipakia saruji na mabati ya shule, na juu yake watu kumi na moja. Alikuwa kwenye kona za juu kabisa, saa nane mchana, injini ilipopiga kishindo kimoja ikafa. Lori likaanza kurudi nyuma. Breki ya mkono haikuhimili ule mzigo. Sefania alikanyaga breki ya mguu kwa nguvu zote, akitoa kichwa dirishani na kupiga kelele: "Rukeni! Upande wa mlima! Upande wa mlima!"

Kumi waliruka upande wa mlima. Namsifu aliruka upande wa korongo.

Namsifu alikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Ndiye aliyewafundisha wakulima wa kijiji kile kuandika majina yao. Alikuwa anatoka Same kuchukua chaki.

Sefania hakuruka. Alibaki na mguu kwenye breki mpaka lori lilipojigonga kwenye gema na kulala ubavu. Mguu wake wa kulia wamemkata juu ya goti.

Siku ya pili tu, maneno yalikuwa yameshafika sokoni. Dereva alikuwa amekunywa pombe ya dengelua. Hapana, alikuwa anakimbiza gari ili Sabato isimkute njiani. Hapana, alisinzia. Nilikaa kwenye duka la chai nikasikiliza, na mtu mmoja akaniuliza, "Wewe fundi unasemaje?" Nikasema, "Madereva hawa." Maneno mawili tu. Nikanywa chai yangu.

Sasa wiki hii.

Jumanne kamati iliyoundwa kuchunguza ajali ilinipeleka kule juu nikaikague injini, kwa kuwa mimi ndiye mtaalamu. Niliifungua nikiwa peke yangu, askari mgambo mmoja amekaa mbali juu ya jiwe. Pistoni ya nne ilikuwa imetoboka katikati. Tundu la kuingia kidole gumba, kingo zake zimeyeyuka kama nta. Nozeli za kupulizia mafuta zimeungua ncha. Ukuta wa silinda unang'aa kama sufuria iliyosuguliwa. Sikuwa na la kutafuta. Nilikuwa nasoma mwandiko wangu.

Na pale kwenye pampu kulikuwa na waya wangu na risasi yangu, vimekaa salama kabisa.

Katibu wa kamati alikuwa ameniambia, "Andika kitu kifupi, fundi. Hawa watu wanataka wamalize." Nikaandika. Injini imechoka kwa umri. Dereva alizembea kwa kuendelea na safari hali dalili za kuchemka zilionekana. Nikaweka sahihi. Nikaikunja, nikaitia mfukoni. Ile risasi nikaikata, nikaitia mfuko wa pili.

Nilishuka nayo hiyo karatasi hadi Same. Sitajificha: nilikusudia kuipeleka.

Jumatano nilikwenda hospitali. Sijui nilifuata nini. Labda nilitaka nimkute amelala, nimtazame, niondoke, niweze kusema nilikwenda. Alikuwa macho. Mke wake alitoka kutupisha, akaniachia kigoda.

"Pole, Sefania."

"Nimeshapoa."

Niliketi. Shuka lilikuwa limelala bapa pale ambapo mguu ulipaswa kuwa. Alinikuta nikilitazama.

"Umeifungua injini?" akauliza.

"Nimeifungua."

"Ni pistoni?"

"Ya nne. Imetoboka."

Akafumba macho. Nilidhani atalia, au atanitukana, ningeshukuru. Akasema tu, "Basi sikusinzia." Kumbe alikuwa ameanza kujitilia shaka. Siku kumi na mbili mtu amelala pale anajiuliza kama kweli alisinzia, kwa sababu kila anayeingia anamwuliza hivyo.

Nikamwuliza kwa nini hakuitaja pampu. Polisi walimhoji, kamati ilimhoji, hakunitaja hata mara moja.

"Wangesema namsingizia fundi ili nijiokoe," akasema. "Halafu nikasema moyoni, atajitaja mwenyewe. Nikawa nasubiri."

Nilisimama, nikamwambia nitarudi. Akasema, "Usirudi kwangu. Nenda kule wanakokaa kikao."

Nilipofika nje niliichana ile karatasi. Nikaandika nyingine usiku huo huo, kurasa nne. Nakunda alikuwa ananitazama. Nilipomaliza nilimpa aisome, kwa kuwa yeye amesoma kuliko mimi na huwa ananisahihishia. Aliisoma yote. Hakusahihisha kitu. Akauliza, "Namsifu huyu si ndiye aliyemfundisha mama kusoma barua zetu?" Ndiye. Nilikuwa nimelisahau hilo, au nililiweka mahali nisilione. Mama mkwe wangu alijifunza kusoma akiwa na miaka sitini.

Alhamisi kikao cha kamati kilikaa kule kijijini, kwenye darasa lisilo na paa, lile lililokuwa linasubiri yale mabati. Nilisimama nikasoma kurasa zangu nne. Niliposema kwamba nilibana risasi ya bandia, niliitoa mfukoni nikaiweka mezani. Kitu kidogo kama punje ya hindi.

Mzee Kiondo alinyanyuka kabla ya kuitwa.

"Mimi nilikwambia lipe nguvu," akasema. "Sikukwambia ukate waya. Mimi waya wa pampu nitaujulia wapi?"

Ni kweli, hakuniambia. Lakini nilipomtazama alikuwa ameushika mgongo wa dawati kwa mikono miwili. Yeye ndiye aliyekuwa anasimama pale stesheni akihesabu magunia hadi sabini, mwaka mzima baada ya njaa kwisha. Nadhani naye alikuwa anayahesabu wakati ule.

Kisha akasimama Elisante, mume wa Namsifu. Mkulima, mtu mfupi, amevaa koti la harusi kwa sababu ndilo koti alilonalo. Hakuniuliza kuhusu pampu wala pistoni.

"Sefania alikwambia mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Tatu," akasema. Akakaa.

Hakuna aliyenigusa. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa, na nilishuka ule mlima kwa miguu mpaka giza likanikuta, hakuna aliyenifuata hata kunizomea. Sefania ameondolewa lawama, katibu amenihakikishia kwa maandishi. Mguu wake hauna maandishi.

Kazini nimesimamishwa. Hilo lilikuwa la haki.

Ijumaa nilipanda basi la Moshi, nikateremkia Kileo. Dereva wa lori la kule anaitwa Athumani, mtani wangu, tulizoea kutaniana tangu tuko gereji ya mkonge. Nilimkuta anapakia mpunga. Nilimwambia nimekuja kurudisha pampu.

"Ukiifunga nitaipandaje Usangi?"

"Kwa mzigo nusu."

"Wewe uliniambia linaweza."

"Nilikwambia linaweza. Sikukwambia kwa muda gani."

Akakataa. Akasema mvua inakuja, mpunga utaloa, wenzake watamwona mwoga. Nilimsikia akisema neno hilo, mwoga, nikaketi chini kwenye vumbi karibu na gurudumu, nikamsimulia kila kitu: Namsifu, shuka lililolala bapa, lile nililomjibu Sefania mbele ya watu. Aliniacha niseme mpaka mwisho. Wapakiaji nao waliacha kupakia.

Akaleta spana mwenyewe. "Funga," akasema.

Nilifunga. Nilipima na oili. Ilikuwa imepanda juu ya alama.

Hapo ndipo nilipomwambia lile ambalo ningependa kila fundi mwenye mkono mwepesi alijue: skrubu hurudi, chuma hakirudi. Silinda iliyokwisha kuoshwa na dizeli mwaka mzima haiponi kwa kuwa mimi nimetubu. Nilimwambia aliendeshe kama anayembeba mgonjwa, mpaka zipatikane ringi, na hakuna ajuaye zitapatikana lini. Aliitikia kwa kichwa. Alipokuwa ananisindikiza barabarani alisema, bila utani, "Usije tena kwetu, ndugu yangu. Nitakuombea, lakini usije."

Limebaki la Bombo.

Nilituma barua Ijumaa hiyo hiyo kwa kondakta wa basi la Gonja, linalopita njia ya Bombo. Leo asubuhi nimekwenda stendi kumwuliza. Anasema alimpa mtu anayepanda Bombo. Mtu gani, hakumbuki. Njia ya kule imekuwa tope, na kesho, Jumatatu, ndiyo siku ambayo lori lile hushuka na mzigo na watu wa soko. Kwa hiyo alfajiri napanda basi la kwanza mpaka litakapokwama, na pale litakapokwama nitatembea. Kama lori limeshaanza kushuka tutakutana njiani. Nitasimama katikati ya barabara. Sina mpango mwingine.

Jumanne nitakuwa polisi, na nitasoma haya kama yalivyo.

Lakini tangu mchana kuna jambo ninaloligeuzageuza. Sefania alikuja mara tatu. Athumani alikuwa na oili iliyopanda na hakuniambia, alichelea kuonekana mwoga. Dereva wa Bombo hajaniletea lalamiko hata moja, mwaka mzima. Nilikuwa najivunia hilo; nilikuwa nasema lori la Bombo ndilo nililolifungua vizuri kuliko yote.

Sasa nakumbuka kwamba siku ile Sefania alipokuja na kofia mkononi, dereva wa Bombo alikuwa mmoja wa wale wanne waliocheka.

Je, hana shida na gari lake? Au alisikia nilivyomjibu mwenzake?